Hapa Hakuna Msiba

Jibu la Wajerumani lilikuwa fupi, na Damari alilisoma mara mbili akidhani Kiingereza chake cha kidato cha nne ndicho kinachomchezea. Hakikumchezea. Kampuni ya Hagedorn, watengenezaji wa mishumaa, ilisema imepokea barua pepe ya Bwana Mazengo wa Singida, Tanzania, kwamba nta ya mwaka huu iko tayari. Ilisema pia kwamba kabla ya kuagiza ilitafuta habari zake kwenye mtandao, kama inavyowatafuta wote inaofanya nao biashara, na kwenye ukurasa wa chuo kikuu kimoja cha Denmark ilisoma kuwa Bwana Mazengo alifariki dunia mwaka jana. Wewe unayetuandikia ni nani?

Chini waliongeza kwamba hawafanyi biashara na mtu anayetumia jina la marehemu. Kama kuna maelezo, mwandishi ayatoe kwa jina lake mwenyewe kabla mwezi haujaisha, la sivyo watanunua nta kwingine. Na ili asije akasema amesingiziwa, wakaweka na anwani ya ukurasa wenyewe.

Damari akaibonyeza. Maneno yalitangulia kufika: Marehemu Mazengo wa Mitundu, mrina asali, rafiki yetu, aliyetufundisha nyuki wa vichaka vya Itigi. Picha ilifuata, ikishuka kutoka juu kidogo kidogo, maana mtandao wa Singida miaka ile ulikwenda kwa mwendo wa punda mwenye mimba. Kwanza ikaja mbingu. Kisha kofia. Kisha paji la uso lenye kovu la mwiba. Damari akaweka kiganja mdomoni. Yakaja macho, na baba yake akawa anamtazama kutoka Denmark kwa macho yale yale aliyomtazamia alipochelewa kurudi kutoka bombani. Ilipofika puani umeme ukakatika. Kafe nzima ikaguna, na baba yake akazimika.

"Dada, umeme ukirudi utaendelea na dakika zako," alisema Michael, kijana aliyesimamia kafe. "Vipi, wazungu wamekubali dili?"

"Bado," alisema Damari. Alitoka nje, akakaa juu ya jiwe kando ya barabara. Hakulia. Nyumbani kwao Utemini kulia kwa jambo lile hakukuruhusiwa.

Niseme mapema, kwa sababu najua watu wa mjini watakavyowahi kuhukumu: katika nyumba ile hakukuwa na tapeli. Mazengo alianguka kutoka mtini akitundika mzinga katika pori la Mitundu, akafa hapo hapo, na ukoo wake ukamzika siku ile ile kabla habari haijamfikia mkewe mjini. Ukoo ule una desturi yake. Mizinga haikai kwa marehemu. Mwenye mizinga akifa, ndugu mmoja hukalishwa kwenye kigoda chake, huvikwa koti lake, hupewa shoka na kamba zake, na mkubwa wa ukoo hutangaza kwamba fulani amerudi. Tangu dakika hiyo kilio kimefungwa. Anayesema fulani amekufa anamsema huyo aliyekaa, na kumsema ni kumwombea kifo.

Aliyekalishwa alikuwa mdogo wa marehemu, Antipasi, fundi baiskeli wa pale Itigi karibu na stesheni. Hakuomba. Alikuwa amekuja kuzika tu, akiwa na grisi kwenye kucha, na jioni akaambiwa kwamba yeye ni Mazengo. Asnath, mke wa marehemu, aliposhuka kwenye gari akiwa na watoto wake, vumbi mpaka kwenye kope, alikuta mikeka imeshakunjwa. Shemeji yake alimpokea uani ndani ya koti la mumewe. "Karibu Mama Damari," alisema. "Pole na safari."

Pole na safari. Ndiyo pole pekee aliyoipata.

Waliporudi Utemini, mtu yule akaja nao, kwani nyumba ilikuwa ya Mazengo na Mazengo yupo. Majirani waliokuwa wamesikia walifika na kuni na unga kama desturi. Antipasi alisimama mlangoni akawaambia asanteni, hapa hakuna msiba. Wakarudi na unga wao, wakiwa wameona aibu wasijue ni ya kosa gani. Tangu hapo wakipita mbele ya nyumba ile walipunguza sauti.

Kulala, alilala chumba cha mbele. Asnath alikuwa mtu wa Kiomboi, Mlutheri tangu kwa bibi yake, na alisema wazi kwamba mpaka chumbani kwake desturi hiyo haifiki. Mengine yote aliyavumilia. Alimwekea chakula kwenye sahani ya mumewe. Alimsikia asubuhi akikohoa kama mumewe, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa sababu zamani Antipasi hakuwa akikohoa.

* * *

"Shikamoo, baba," alisema Damari.

"Marahaba. Wamesemaje?"

Antipasi alikuwa sebuleni, kati ya magunia ya nta yaliyopangwa mpaka dirishani. Harufu ya nta ilikuwa imeingia kwenye nguo, kwenye ugali, kwenye nywele za watoto. Nyuki wachache wa mjini, wasiojulikana walikotoka, walikuwa wakija kila siku kugonga wavu wa dirisha.

"Wanasema wamesoma habari," alisema Damari.

"Habari gani?"

"Zako. Kwamba haupo."

"Sipo wapi? Si nipo hapa?"

"Kwamba haupo duniani, baba."

Asnath, aliyekuwa akipepeta ulezi mlangoni, aliendelea kupepeta. Antipasi alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na alipomaliza uso wake ulikuwa wa kijivu. Akamwambia Damari asome yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Damari akasoma kutoka kwenye karatasi aliyonakili. Alipofika kwenye neno marehemu alilitamka kwa chini chini, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

"Nani amemwambia mzungu?" aliuliza Antipasi.

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mitundu hakuna wa kusema. Mitundu wote wanajua. Huyo mama wa Denmark, Daktari Kirsten, hajaja huku tangu…" Akasita. Hakukuwa na namna ya kuimaliza sentensi hiyo. "Tangu zamani. Basi kuna mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Damari. Katika nyumba hii kuna mtu anataka nife."

"Wanataka tu uandike jina lako, baba," alisema Damari. "Ueleze, basi. Nta watanunua."

"Jina langu ni lipi?"

Damari akainama. Belinda, mdogo wake, kitinda mimba, alikuja mbio kutoka uani na kuegemea goti la Antipasi. "Baba, kuna nyuki ndani ya chai," alisema. Alikuwa mdogo mno kukumbuka tofauti ya nyuso, au pengine alikumbuka akaona ni adabu kunyamaza. Antipasi akamtoa nyuki kwenye kikombe kwa ncha ya kidole, taratibu, kama alivyokuwa akifanya yule mwingine.

Kama ni nta ya nyumba moja, wangesema basi, yaliyoharibika yameharibika. Lakini nta ile ilikuwa ya kijiji. Ushirika uliokuwa ukinunua zamani ulikwisha kufa, na huo haukupata wa kukalishwa aurithi. Maofisa wakasema sasa ni soko huria, kila mtu atafute soko lake, wakapanda gari wakaondoka. Mazengo ndiye aliyelitafuta. Daktari Kirsten, aliyekuja kuchunguza nyuki akakaa kwake misimu miwili, alimwelekeza kwa Hagedorn, na tangu hapo warina asali wa Mitundu walimletea Mazengo nta yao bila karatasi wala shahidi, kwa jina lake tu. Mwaka huu wameileta tena. Mazengo si yupo? Wajerumani wakikataa, itaishia kwa walanguzi wa stendi kwa bei ya kutupa, na jina lile halitaaminiwa tena na mtu, na nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kula isipokuwa jina.

"Ulaya ni kubwa," alisema Antipasi mwishowe. "Hagedorn si Mungu. Nenda katafute wengine."

* * *

Afisa biashara alimwambia Damari kwamba masoko yote ya Ulaya yamo mtandaoni, ni suala la kutafuta tu. Alilisema bila kuinua macho kwenye gazeti. Akamwandikia anwani ya orodha ya waagizaji bidhaa, na alipoombwa aeleze orodha yenyewe inatumiwaje, akasema hayo ni mambo ya vijana.

Basi Damari alitafuta. Aliandika kwa Kiingereza, nta, wanunuzi, Ulaya, na Ulaya ikafunguka mbele yake kama ghala lisilo na mwenyewe wa kuuliza. Kulikuwa na makampuni ya Uholanzi yaliyokuwa yakiuza mashine za mishumaa wala hayakununua kitu. Kulikuwa na daftari la makampuni lililoonyesha majina na kuficha simu mpaka ulipe kwa kadi ya benki, na Damari hakuwahi kuiona kadi ya benki. Kulikuwa na ripoti nzuri sana ya utafiti kuhusu soko la nta, kurasa nyingi, iliyosema kwamba nta ya Afrika Mashariki ni safi na inatafutwa. Aliisoma hiyo kwa furaha mpaka alipoona haikutaja jina la hata mnunuzi mmoja. Wengine walitaka cheti cha maabara. Wengine walikuwa Wafaransa na hakuelewa neno.

Kampuni moja ya Austria ilijibu haraka. Iliuliza kwa upole: umewahi kumuuzia nani Ulaya? Damari akaandika, Hagedorn. Siku iliyofuata walijibu kwamba wameuliza huko, na wametafuta na wenyewe, na wanashukuru lakini hapana.

Ndipo alipofanya jambo alilokuwa akilikwepa. Aliandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia maneno mawili, Mazengo, Mitundu, akabonyeza. Ukurasa wa Denmark ukaja wa kwanza, na baada yake hakuna kingine. Mtu yeyote wa Ulaya atakayemtafuta baba yake, leo au mwaka ujao, atapelekwa hapo hapo. Huko Mazengo alikuwa na makazi mamoja tu, na makazi hayo yalikuwa kaburi.

Safari hii picha ilishuka mpaka mwisho. Baba yake alikuwa akicheka.

"Huyu si dingi wako?" aliuliza Michael aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Ndiye."

Michael akasoma maneno ya chini ya picha, taratibu, midomo ikitembea. "Sasa mbona jana nimemwona stendi? Si ndiye yule wa koti?"

"Ndiye."

"Wote wawili?"

Damari akauliza kama ukurasa unaweza kufutwa. Michael, ambaye sasa alikuwa amerudi hatua nyuma, alisema anayeweza ni mwenyewe aliyeuweka. "Mwandikie huyo mama. Mwambie mzee yuko hai, amekosea. Atafuta."

* * *

"Hilo ndilo neno," alisema Antipasi aliposikia. Kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije alikaa kwa kunyooka. "Kesho asubuhi umwandikie Kirsten. Mwambie Mazengo yupo, anamsalimu, na afute uongo wake. Akifuta yeye, Wajerumani wataona nini? Hawataona kitu."

"Hatafuta," alisema Asnath.

Alikuwa akimsuka Belinda. Hakuacha kusuka.

"Kwa nini asifute?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Nilikwenda kwa Mchungaji Peniel, nikamwomba amwandikie. Alikataa mara ya kwanza, akaniambia nisubiri watu wa ukoo wapoe. Mara ya pili aliniona nilivyo, akaandika." Akaufunga msuko kwa uzi, akaanza mwingine. "Belinda, nenda kacheze."

Mtoto akaenda, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu imesimama. Damari alibaki akitazama sakafu.

"Umeniua," alisema Antipasi.

"Sijakuua, shemeji."

Neno hilo halikuwa limetamkwa katika nyumba ile tangu walipotoka Mitundu. Antipasi aligeuza kichwa mlangoni, kana kwamba shemeji aliyetajwa anaweza kuwa mtu aliyesimama nje.

"Sikutaka kuharibu nta," alisema Asnath. "Sikuijua hiyo mitandao yenu kwamba neno likitoka Denmark linafika Ujerumani. Nilitaka awepo mtu mmoja duniani, mmoja tu, anayejua kwamba nimefiwa. Mlimzika sikumwona. Mlikunja mikeka sikukaa. Nimefika nikakuta koti linanikaribisha. Nikimlilia mume wangu, ninakuombea wewe kifo. Nisipomlilia, nifanye nini naye? Yumo humu kifuani anaoza. Basi nikamzika mahali palipobaki."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawakusema afanye nini anayeficha kifo chenyewe.

Antipasi alitazama kucha zake. Alipoanza kusema, alisema na mikono yake. "Mnadhani mimi nimekaa kwa raha? Nilikuwa na karakana yangu. Nilikuwa na mchumba, Editha, mnamjua. Nilimfuata baada ya yale. Akaniambia mimi nilikuwa naolewa na Antipasi, wewe ni mume wa mtu, sikujui. Siku hizi mtu akiniita Antipasi barabarani siitiki. Siyo kwamba nakataa. Sisikii. Na nikilala mwenye koti anakuja, analitafuta, anafungua sanduku, anafunga, haniangalii." Akajifuta mdomo. "Nikisema amekufa, nami ndiye yeye, kitakachobaki hapa ni nini?"

"Atabaki Antipasi," alisema Asnath.

"Na nikifa kweli?"

"Kila mtu atakufa. Ufe kwa jina lako."

Antipasi alifunga vifungo vya koti. Alitoka nje, na hakuna aliyemwandikia mtu barua asubuhi iliyofuata wala iliyofuata hiyo. Mwezi ulikuwa ukienda ukingoni.

* * *

Aliyekata shauri lile hakuwa mtu wa nyumba ile. Alikuwa Mughwai, mrina asali wa Mitundu, aliyefika kwa basi akiwa amevaa shati lake la kanisani na kubeba kuku mmoja wa zawadi. Mughwai alikuwa amemwona Antipasi akitambaa utotoni. Lakini aliingia sebuleni akainama.

"Shikamoo, Mazengo."

"Marahaba," alijibu Antipasi, akitazama kuku.

Wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za njia. Asnath akaleta chai. Kati ya magunia na viti walikuwa wametundika shuka, ili wageni wasione, lakini harufu haikuweza kutundikiwa shuka.

"Wenzangu wamenituma," alisema Mughwai. "Hawana wasiwasi, ila wamenituma. Wanauliza kama nta yetu imeshafika kwa wale Wajerumani."

"Iko njiani," alisema Antipasi.

Nyuki mmoja alitambaa kutoka nyuma ya shuka, akatembea juu ya kitambaa cha meza mpaka kwenye sukari. Mughwai alimtazama. Akaitazama shuka, iliyotuna kwa umbo la magunia. Alikuwa mtu wa nyuki tangu utotoni na hapakuwa na jambo la kumwelezea.

"Basi nitawaambia iko njiani," alisema. Akanywa chai yake yote, maana kuiacha kungekuwa kumwaibisha mwenye nyumba, akashika kofia yake. Mlangoni aligeuka. "Wewe ukisema iko njiani, mimi nasema iko njiani. Mazengo hajawahi kutudanganya hata siku moja."

Alipokwisha kuondoka Antipasi alibaki amesimama pale pale. Kuku alikuwa amefungwa miguu na alikuwa akijikokota sakafuni kuelekea kwenye mwanga.

"Damari," alisema Antipasi, "hiyo kafe inafungwa saa ngapi?"

* * *

Alikuwa hajawahi kuingia mle. Alisimama nyuma ya kiti cha Damari ndani ya koti lake, kati ya wanafunzi na watu wa mashirika, akitazama kioo kama mtu anayetazama ndani ya kisima. Michael alimwona, akajitia kuhesabu karatasi.

"Sema, baba, mimi naandika," alisema Damari.

Antipasi akasema kitu.

"Sijasikia."

"Nimesema andika, mimi naitwa Antipasi."

Damari akaandika.

"Andika: kwetu mdogo huchukua jina la mkubwa, na mizinga yake, na watoto wake. Tulipowaandikia kwa jina la Mazengo hatukukusudia kuwaibia. Kwetu siyo uongo." Alishika ukingo wa meza, na Damari aliona vidole vikigeuka vyeupe kwenye viungo. "Andika: kaka yangu… Umeandika hapo?"

"Nimeandika, kaka yangu."

"Kaka yangu Mazengo amekufa."

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba ukafunguka ghafla. Mwanafunzi mmoja akageuka, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Antipasi alingoja. Alikuwa amekunja mabega na kufumba macho, akingoja kitu ambacho alikuwa amekingoja tangu siku ile Mitundu alipovikwa koti. Hakikuja. Feni iliendelea kuzunguka. Mtu fulani alikuwa akilalamika kwamba dakika zake zimeisha mapema.

"Malizia," alisema. "Nta ipo, ni safi, ni ya watu wengi. Mimi naijibia."

Damari akabonyeza.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

"Haiwezi kurudi?"

"Hairudi, baba mdogo," alisema Damari, na wote wawili wakashtuka.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Antipasi alitembea karibu na kuta, akiinua macho mara kwa mara kwenye mapaa ya watu, kama mtu anayejua kwamba kuna kitu cha kumwangukia lakini hajui kiko kwenye paa lipi.

* * *

Jibu lilikuja siku mwezi unakatika. Damari alilinakili kwa mkono, akalibeba mpaka nyumbani bila kulikunja, akalisoma sebuleni mchana, mama yake akiwa ameketi kwenye mkeka na Antipasi kwenye ukingo wa kiti.

"Bwana Antipasi. Tumekuelewa na tunakushukuru kwa kutueleza. Nta tutainunua, yote, kwa bei ya mwaka jana. Karatasi za mzigo ziandikwe kwa jina lako." Alipumua. Antipasi hakusogea. "Mazengo alikuwa mtu mwaminifu kwetu. Tunakupa pole wewe, na…" Kulikuwa na neno hapo alilolijua vizuri kwa Kiingereza na lililokataa kutoka kwa Kiswahili. "Na mjane wake, na watoto, kwa msiba huu mkubwa."

"Rudia," alisema Asnath.

"Tunakupa pole wewe, na mjane wake, na watoto, kwa msiba huu mkubwa."

Asnath akainuka. Alijifunga kanga kiunoni, akaifunga vizuri, kama anayekwenda kulima, akatoka mpaka katikati ya uwanja, na hapo akapiga kelele. Haikuwa kelele ya mtu aliyeumia siku ile. Ilikuwa imekaa sana, na ilitoka na vitu vingi, jina la mumewe, majina ya wazazi wake huko Kiomboi, maneno ya Kinyiramba ambayo watoto wake hawakuwahi kuyasikia. Alianguka chini akajipaka vumbi kwa mikono yote miwili. Damari alimkimbilia ili amnyanyue, na alipomgusa akaanguka naye.

Yustina, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyefika wa kwanza, unga wa ugali ukiwa bado mikononi. "Nani, Mama Damari? Nani jamani?" Wanawake wengine wakaja, wakakaa chini kumzunguka, wakaanza kulia kabla ya kujua wanamlilia nani, kwa sababu kilio hakingoji jina. Wanaume walikusanyika barabarani. Mzee Simeoni, fundi cherehani, ambaye mwaka jana alirudishwa na kuni zake kichwani, alisimama mpakani mwa uwanja na hakutia mguu ndani.

Antipasi akatoka. Alitembea mpaka aliposimama mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

"Tumefiwa."

"Nani amefariki?"

"Kaka yangu. Mazengo."

Simeoni alimtazama usoni, akalitazama koti, akamtazama tena usoni. "Lini?"

"Mwaka jana."

Mzee alifikiri. Kisha akavua kofia. "Poleni sana," alisema. "Wanaume wanakaa upande gani?"

Mikeka ikatandikwa. Ili wanawake wapate pa kukaa ndani, vijana walitoa magunia ya nta sebuleni na kuyapanga ukutani nje, na nyuki waliokuwa wakigonga dirisha wakayafuata. Mtu akaleta sufuria kubwa. Mtu akawasha moto. Antipasi aliwekwa kati ya wanaume, mahali pa mfiwa, na kila aliyefika alimpa mkono na kumwambia pole, naye akajibu asante kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya. Kila kikohozi kilipomjia alikishika kifuani na kutulia, akisikiliza kama ndicho kifo chenyewe.

Belinda alitoka ndani akiwa hana viatu, akapita katikati ya miguu ya wageni mpaka alipokaa Antipasi. Siku zote alifika hapo akasema baba kabla hajasema kitu kingine. Safari hii alisimama mbele yake, akafungua mdomo, akaufunga. Alimtazama sana, kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Antipasi hakumsaidia, maana hakujua amwambie amwite nani. Alisogea tu kwenye mkeka, na mtoto, baada ya kusita, akaketi kando yake, si mapajani kama alivyozoea.